Sanduku la Mrefu

Jina lake halisi wazazi walimpa, lakini pale bwenini lilishasahaulika. Wote walimwita Bwana Stoo, na yeye alikuwa amechoka hata kukataa.

Mambo yalianza taratibu. Wanafunzi wa kwao, wale waliomtangulia kuja kusoma nchi ile ya mbali, wakimaliza masomo walikuta mizigo imezidi kilo za ndege. Nani abaki na masufuria? Yeye, maana hakujaliwa ulimi wa kusema hapana. Nitunzie kidogo tu ndugu yangu, nitamtuma mtu. Mtu hakutumwa. Akaja wa pili na feni mbovu, wa tatu na godoro, na dada mmoja wa uuguzi na ndoo iliyojaa viatu. Kufika mwaka wa mwisho, Bwana Stoo alikuwa akiingia chumbani ubavu ubavu kama kaa. Meza yake ya kuchorea, ambayo mwanafunzi wa ujenzi hana maisha bila hiyo, ilikuwa imekaliwa na masufuria. Alichorea kitandani, ubao juu ya magoti, na mgongo ukamuuma kama wa babu yake. Wenzake walipita mlangoni wakimtania.

"Bwana Stoo, hebu niangalizie, akili yangu imo humo? Niliiacha siku ya mtihani wa hesabu."

"Imo chini ya godoro," alijibu bila kuinua kichwa. "Ila ni ndogo, itachukua muda kuonekana."

Siku moja akaja mlezi wa bweni, mama wa makamo mwenye funguo tele kiunoni. Alisukuma mlango, ukagota katikati. Hakufoka. Alisema kwa upole ule unaochosha kuliko kelele kwamba moto ukizuka humu mtu hatoki, kwamba kila mkaaji anaruhusiwa sanduku moja basi, na kwamba Ijumaa atapita tena. Akikuta hali ni ile ile, chumba atapewa mwingine.

Bwana Stoo akaanza kuwapigia simu wenye vitu. Dada wa uuguzi akauliza, ndoo gani? Mwenye feni alicheka hadi akakohoa. Mwenye godoro hakukumbuka kama amewahi kumiliki godoro. Kumbe miaka yote ile amelala amejikunja kama jongoo kwa ajili ya vitu ambavyo wenyewe hawavijui! Hakukasirika, hasira nayo inataka nguvu. Alivitoa kimoja kimoja koridoni, na wanafunzi wapya, waliofika mikono mitupu, wakavichukua huku wakimshukuru.

Likabaki sanduku la Mrefu.

Yeye na Mrefu walikuja kwa ndege moja, wakaingia darasa moja na chumba hicho hicho. Mwaka wa pili mjomba aliyekuwa akimsomesha Mrefu alifariki, naye akarudi kwao kuzika. Sanduku aliliacha makusudi. Alisema hawezi kulibeba kama mtu anayehama. Muhula ukapita, ukapita na mwingine. Sasa alikuwa muuzaji kwenye duka la misumari na mabati. Chuoni walishamwambia Bwana Stoo kwamba nafasi ya mwenzake amepewa mtu, na neno hilo hajapata kulifikisha.

Masanduku yalikuwa mawili, la Mrefu na lake mwenyewe, na ruhusa ilikuwa ya moja. Akapiga simu.

Mrefu alipokea kwa furaha, akamwomba asubiri ampimie mteja misumari. Kisha akauliza habari za walimu, za baridi, za lile bomba la bafuni linalolia. Bwana Stoo alijibu yote, lile neno la chuo akaliruka.

"Na sanduku langu?" Mrefu akauliza.

"Lipo."

"Koti la kijivu limo? Na rula yangu ndefu?"

"Vimo vyote."

"Usiliweke chini, kaka. Sakafu ile ina unyevu. Nikirudi nisikute ukungu."

Bwana Stoo aliangalia ukuta. Kusema ilikuwa rahisi, sentensi moja tu, na angepumzika.

"Haligusi sakafu," akasema. "Wewe kauze misumari."

Akakata simu. Halafu akafungua sanduku lake mwenyewe, lile alilonunuliwa na mama yake, akatoa nguo zake zote na kuzipanga kwenye mifuko ya plastiki ndani ya kabati. Sanduku tupu akalitoa koridoni. Hajarudi hata mlangoni, kijana mmoja mgeni alishalibeba.

Ijumaa mlezi aliingia, na safari hii mlango ulifunguka wote. Akazunguka, akaona sanduku juu ya kabati, limefungwa kamba.

"Hilo ni la nani?"

"Langu, mama."

Mama yule akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Bwana Stoo akatandaza karatasi mezani, akakalia kiti kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akanyoosha mgongo. Alikuwa ameshika penseli. Usingizi ukamkuta hapo hapo, shavu juu ya mchoro, mchana kweupe.