Injini ya Kwenda Kumchukua Mama

Mwaka 2015 sikukaa chini. Kila Jumamosi niliyopewa mapumziko ghalani nilikuwa barabarani, kutoka South End ya Louisville hadi Hilliard, pembeni ya Columbus, zaidi ya saa tatu za kuendesha, ili shemeji yangu anitengenezee pikapu. Mke wangu alisema nimeoa mke wa pili, mwenye magurudumu manne. Nilicheka, lakini moyoni nilikasirika, maana alijua vizuri kwa nini nafanya vile. Nilitaka mama ahamie kwetu kabla theluji haijaanguka.

Mama aliishi Buffalo, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao karibu na Grant Street. Ndiko tulikoletwa sote tulipofika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi niliondoka kufuata kazi, dada yangu akaolewa na Mkongo wa Columbus, na baba alipofariki mama akabaki peke yake na zile ngazi. Majira ya baridi yaliyotangulia aliteleza akaanguka, akalala kitandani wiki mbili bila kutuambia. Habari tulizipata kwa mtu wa kanisani. Tangu siku hiyo sikutulia. Nikipanga maboksi kazini naona ngazi, nikikaa mezani kula naona ngazi.

Mimi na dada tulifanya kikao kwenye simu, tukakubaliana. Kisha nikampigia mama kumwarifu. Akasema, "Sawa, mwanangu." Nikakata simu, nikaenda moja kwa moja kufungua boneti.

Gari lenyewe ndilo lililokuwa tatizo. Ilikuwa pikapu ya zamani, injini ya dizeli ya silinda sita, bodi imeliwa na kutu, mlango wa abiria haufungiki mpaka uupige goti. Mizigo ya mama ilikuwa friza, vitanda, cherehani na masufuria ya kupikia harusi nzima, kwa hiyo ilihitaji trela. Na mara ya mwisho nilipovuta trela, kwenye vilima vya kabla ya Cincinnati, mshale wa joto ulipanda mpaka juu, moshi mweusi ukawafunika waliokuwa nyuma yangu, na tanki likakauka kama limetobolewa. Niliegesha kando nikisubiri injini ipoe.

Shemeji alikuwa fundi tangu akiwa Bukavu. Siku ya kwanza alilizunguka gari, akaisikiliza injini, kisha akafuta mikono ambayo hata haikuwa imechafuka.

"Shemeji, juu ya nini usikodi tu kamiyo? Siku mbili, inaisha."

Nikamwambia sikuja kuuliza habari za lori la kukodi. Maisha yangu yote tulihamishwa kwa malori ya watu wengine, na safari hii nilitaka mama ahame kwa gari la mwanawe. Tena nilitaka mikono yangu iwe na kazi, kwa sababu ikikosa kazi mimi huwa mtu mbaya nyumbani.

"Bon," akasema. "Hii moteri iko na nguvu, lakini haipumue muzuri. Donc tunaanza na hewa, kisha moshi. Mazutu, ya mwisho."

Mimi nilitaka tuanze na hayo mazutu, yaani dizeli yenyewe: tuweke nozeli kubwa, injini imwagiwe mafuta, ivute. Tulibishana. Akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba moshi mweusi ni dizeli inayotoka bila kufanya kazi, na kwamba mafuta mengi bila hewa ya kutosha huleta joto la kuyeyusha pistoni. Basi tukaweka chujio kubwa la hewa. Tukaweka bomba pana la moshi. Tulipofungua tabo, ile ya kusukuma hewa ndani ya injini, tukakuta imechoka, tukafunga nyingine. Halafu akafunga geji ya kupima joto la moshi, na hapo ndipo alipokubali nozeli, tena za ukubwa wa kati. Kati ya hatua moja na nyingine ilipita wiki mbili, wakati mwingine tatu, na mimi huku nayakodolea macho majani ya miti yasije yakaanza kugeuka rangi.

Kila nikitoka Hilliard nilimpigia mama kumweleza tulipofikia. Nilimweleza mpaka habari za tabo. "Sawa, mwanangu. Mungu awabariki." Dada aliniuliza mara moja tu kama nina hakika mama amekubali. Nikamjibu kwa ukali kwamba amesema sawa, sasa anataka aseme nini tena? Leo naona aibu. Nimelelewa na watu ambao hawakatai jambo zito kwenye simu. Husubiri mkae, mtazamane. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilijifanya sijui, kwa sababu jibu lile lilinifaa.

Mwishoni mwa Septemba tulipakia matofali kwenye trela, tukarudi kwenye vilima vilevile. Gari lilipanda bila kuhema. Mshale haukusogea, moshi haukuonekana, na tanki ambalo zamani lisingenifikisha Columbus na mzigo lilinifikisha na akiba juu. Nilifurahi mpaka nikaimba. Shemeji aliangalia geji tu.

Wiki iliyofuata nikaenda Buffalo na trela tupu. Mama alikuwa amepika. Nilizunguka vyumba vyote nikitafuta maboksi. Hapakuwa na hata moja. Friza ilikuwa inanguruma, imejaa samaki. Nilikula nimesimama dirishani, nalitazama trela nje.

Alipomaliza kuosha vyombo akasema nimwonyeshe hiyo injini. Akashuka ngazi moja moja, ameshika mbao, mimi nyuma yake nimebana pumzi. Nikafungua boneti. Nikamweleza hewa inapoingilia na moshi unapotokea, naye akasikiliza yote, hakunikatiza.

"Mmefanya kazi nzuri," akasema. Mama huzungumza nasi Kirundi. Kiswahili, lugha ya foleni na ofisi za kambini, hukitumia anapotaka jambo liishe, na sasa alikuwa anasema Kiswahili.

"Wazazi wangu wako Burundi, sijui hata walizikwa wapi. Wanangu wawili niliwaacha kwenye makaburi ya kambi, pengine leo pamelimwa mahindi. Baba yenu yuko hapa. Nikimtaka napanda basi moja, nashuka, natembea kidogo, nimefika. Huyu simwachi."

Nilikuwa na maneno mengi kuhusu ngazi na theluji, nimeyapanga kwa miezi. Badala yake nikauliza kama angependa nimpeleke kaburini.

Akaenda kuchukua koti. Nikalifungua trela, nikaliacha kando ya nyumba. Nikaupiga mlango wake goti ukafungika, nikawasha gari, nikasubiri. Akanitazama, akaelewa, akaanza kunielekeza, kona kwa kona. Sikuwa nimerudi huko tangu siku ya mazishi, na njia sikuijua.