Nyuzi Nilizozikaza Hedaru

Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba mwaka huu, siku tuliyoweka msalaba kwenye kaburi la mume wangu, nilipoteza kitu cha mwisho alichokiacha kwa mikono yake, na nilikipoteza mwenyewe, nimesimama mbele ya watu na kipaza sauti mkononi. Mpaka leo nikikutana na waliokuwepo naangalia viatu vyangu. Ila bora mlisikie kwangu, maana sokoni limeshatiwa chumvi.

Mume wangu, Eliamani, alikuwa mpiga gitaa wa kwaya hapa kwetu mlimani, juu ya Hedaru. Mchana alilima tangawizi, Jumapili alipiga kanisani, na jioni alikaa barazani na simu yake akiwaangalia wanamuziki wa Hawaii. Aliwapata wapi, sijui. Mimi niko jikoni namenya ndizi, ananiita, "Mama Nakijwa, njoo uone," naenda na kisu changu, naona wanaume wanene wenye mashada ya maua shingoni (kama wahitimu siku ya mahafali), mmoja na gitaa, mwingine na kigitaa kidogo cha nyuzi nne kinachoitwa ukulele, wamekaa barazani kama sisi na nyuma yao mlima una ukungu kama wetu. Nasema wanapendeza, narudi kwenye ndizi. Yeye anaendelea kunieleza kutoka huko nje, hawa wanafanya hivi, babu zao walifanya vile, nami naitikia "ehee" kwa sikio moja. Kisha anapiga, na hapo nilikuwa nasikiliza kweli, ingawa sikumwambia. Gitaa lilelile, jioni halikulia kama kanisani. Lilikuwa zito, la chini, kama mtu anayeongea amelala.

Alifariki wakati wa masika, kifua tu, siku chache. Gitaa likabaki kwenye msumari wake chumbani.

Sasa kuna Zefania, rafiki yake, naye mpiga gitaa wa kwaya. Siku ya matanga aliniambia pole, na kabla pole haijapoa akauliza, "Shemeji, gitaa liko wapi?" Nikamwonyesha. Akaingia chumbani peke yake, akaurudisha mlango. Nilichungulia (ndiyo, nilichungulia, nyumba ni yangu). Alikuwa amelilazia sikio, hapigi, anagusa uzi mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Wanakwaya wawili walipoingia kutafuta viti, akalifunika haraka kwa koti lake. Mtu anafunika gitaa kwa nini?

Wakati wa kuaga akaniambia chini chini, "Shemeji, lisiguswe na mtu mpaka siku ya msalaba. Hata watu wa kwaya."

"Kuna nini?"

Akaangalia nyuma yake kwanza. "Ni siri yetu, mimi na marehemu. Nitakuambia."

Jamani, mjane umwambie una siri na mumewe halafu uondoke! Sikulala vizuri. Wiki iliyofuata akarudi na simu mkononi, anaomba dakika tano tu na gitaa. Nikamwambia leo sitaki. Akarudi tena, nikamwambia hata leo sitaki. Mama mkwe akauliza, "Huyu kijana anatafuta nini chumbani kwako?" Nikaenda kuliangalia hilo gitaa kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikagusa uzi mnene, nikakuta umelegea. Na wa pili wake. Na ule mwembamba. Nikajua nimemkamata. Kumbe amezilegeza ili gitaa lionekane bovu, kisha ajitolee kunipunguzia mzigo!

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionimaliza. Ningeweza kumuuliza tu. Badala yake nikalifunga gitaa kwenye khanga, nikalibeba mgongoni kama mtoto ili watu wa Zefania wasilione, nikapanda bodaboda kuteremka Hedaru. Njiani kijana wa bodaboda akageuka, "Mama, mtoto mbona halii?"

"Si mtoto. Ni gitaa."

Akapunguza mwendo mpaka tulipofika barabara kuu. Nadhani alifikiri ni uchungu wa msiba, maana aliona nguo zangu nyeusi.

Hedaru kuna fundi wa redio, karibu na mabasi yanaposimama, anajua na vyombo vya muziki. Akagusa nyuzi, akainamisha kichwa. "Mama, hili halikulegea lenyewe. Aliyelegeza amelegeza makusudi."

"Nilijua!" nikasema, mpaka wauza vitunguu wakageuka. "Kaza, fundi. Kaza zote."

Akakaza zote sita, akalipiga, likalia kama magitaa yote ya duniani. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba sauti ile sikuwahi kuisikia jioni barazani kwetu. Nilikuwa nashangilia ushindi.

Siku ya msalaba migombani kulijaa watu. Baada ya ibada mwinjilisti akanipa kipaza sauti niseme neno la shukrani la familia. Tulipanga niseme machache. Nikashukuru kanisa, nikashukuru majirani, halafu mdomo ukaendelea wenyewe: "Na yupo mtu aliyejifungia chumbani na gitaa la marehemu, akalegeza nyuzi, akidhani mjane hana macho. Nimezikaza. Shemeji Zefania, njoo upige watu wasikie."

Mwinjilisti akakohoa. Zefania akaja mbele polepole, hakuonekana kama mwizi, alionekana kama mtu aliyepigiwa simu mbaya. Akapokea gitaa, akapitisha kidole mara moja tu.

"Umezikaza?"

"Nimezikaza. Hedaru. Kwa fundi."

"Zote?"

"Zote sita!" nikasema kwa fahari.

Akakaa chini, kwenye udongo palepale, na suti yake. "Shemeji, hakuna aliyezilegeza ila yeye mwenyewe. Wale watu wa Hawaii ndivyo wanavyofanya, wanalegeza nyuzi. Wazee wao, kila familia ilikuwa na namna yake, wanafichana, mtu anavuruga nyuzi kabla hajaliacha gitaa ili jirani asiibe. Siku hizi vijana wao wanafundisha hadharani, lakini Eliamani akasema na sisi tuwe na yetu, tuwafiche wanakwaya, ilikuwa utani tu. Aliipata mwenyewe jioni zile. Hakuniambia kila uzi anaushusha kiasi gani. Nilikuwa nataka nirekodi uzi mmoja mmoja kabla hazijaguswa."

"Mungu wangu," nikasema, "nami nimemwita mwizi mbele ya mwinjilisti."

Mama mkwe akanigusa kiwiko. "Mwanangu, hicho kitu bado kinawaka."

Na kweli, yote yalikuwa yametoka kwenye spika mpaka bonde la pili. Watoto wakaanza kucheka, watu wazima wakawafuata. Katikati ya kicheko ule uzi mwembamba, uliokuwa umekazwa kupita umri wake, ukakatika, paa! Mwinjilisti, aliyekuwa ameinama kumwinua Zefania, akaruka kama aliyeingiwa na siafu, akakalia shada la maua la wajumbe wa kwaya.

Sitashika tena kipaza sauti, na sitakaza kitu cha mtu kabla sijauliza. Hilo nimeliapia.

Watu walipokwenda kula makande, Zefania akabaki kwenye benchi la jikoni, analegeza uzi mnene, anasikiliza, anatikisa kichwa. Niliona aibu kumkaribia. Lakini nilipokuwa ninapakua niliusikia, na mdomo ukasema wenyewe, kama kule kaburini.

"Chini zaidi."

Akanitazama. Akalegeza.

"Bado. Bado kidogo. Hapo."

Tukaenda hivyo, yeye anazungusha, mimi nimewapa mgongo, yeye na gitaa, kwa sababu nilizoea kusikia nikiwa nimegeukia sufuria. Nyuzi tano. Wa nne tulibishana, kisha akakubali. Akapiga kidogo, na mama mkwe, aliyekuwa mlangoni na sahani ya Zefania, akasimama tu nayo.

Zefania akauchomoa ule uzi uliokatika, akaufunga kidoleni. "Nikileta mwingine kutoka Same, utakumbuka ulikuwa umelegea mpaka wapi?"

Nilifikiri sana. Ningeweza kusema ndiyo, angefurahi.

"Huo sijui, shemeji. Huo nadhani nilikuwa naitikia ehee."

Akachukua sahani kwa mama mkwe, akaila yote, akanawa mikono, akaingia chumbani na mlango wazi, akalitundika gitaa kwenye msumari wake, na nyuzi zake tano.