Kompyuta Iliyofunikwa Leso

Kuna siku moja haijanitoka, mwanangu. Kila nikiona kijana ameinamia simu akisoma ya mtihani wa ufundi wa kompyuta, inarudi yenyewe. Ni siku ile Mwalimu Musyoka alipokuja mtaani kwetu Waberi kuangalia kompyuta yake.

Sijui kama mimi ndiye wa kutoa nasaha. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na alama zenyewe si za kusimulia mbele za watu. Lakini nimekaa miaka mingi na kibanda changu cha kutengeneza kompyuta hapa mjini, na wewe umeniuliza mtu asiye na pesa ajitayarishe vipi. Nitakuambia lililonipata, uchukue litakalokufaa.

Nilikuwa msichana wa umri kama wako. Mtihani ule wa mafundi wanaoanza, wenye cheti kinachokubalika hata nje ya nchi, ulifanyiwa Nairobi. Ada alitoa baba. Aliuza dume la ngamia kule Sangailu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba dume jingine la kuuza halipo. Hakuwa ananitisha, alikuwa ananieleza hali ilivyo. Nikianguka, ningerudi kukaa nyumbani kungoja kuolewa. Si kwamba kuolewa ni kubaya, wengi walioolewa wakati ule wako vizuri kunishinda. Ila mimi kazi ile niliitaka, niliitaka sana.

Pesa za chuo hazikuwepo. Nilikuwa na kitabu kimoja kikuukuu, jalada limeng'oka. Mwalimu Musyoka, mtu wa Ukambani aliyeletwa kufundisha shule yetu, alinihurumia. Akaniletea kompyuta yake ya zamani kwa mkokoteni, akaiunganisha, akaiwasha nione inafanya kazi, akasema, "Halima, kaa nayo mpaka umalize mtihani." Akaenda zake.

Sasa elewa sisi tulivyolelewa. Mtu akiacha kitu chake nyumbani kwako, hiyo ni amana. Hukigusi. Hata akiacha gunia la mchele na wewe una njaa, unalala na njaa yako kando ya gunia. Basi kompyuta ya Mwalimu niliifunika kwa leso ya ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa baba, na nikawa naipangusa asubuhi na jioni, maana vumbi letu unalijua. Kisha nakaa mbele yake na kitabu. Kitabu kikisema legeza skrubu za nyuma, nazitazama skrubu za nyuma, naona zipo, nafungua ukurasa unaofuata. Nilikariri kurasa zile kama tulivyokariri Kurani dugsi, kwa sauti, nikiyumba. Ungeniuliza jina la kifaa chochote ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Niliamini niko tayari.

Mwalimu alipofika, ayeeyo ndiye aliyempokea, kwa fahari.

"Karibu, Mwalimu. Kombyuta yako iko salama. Huyu msichana hakuna mtu ameruhusu kushika. Hata mimi nilikaa karibu, akaniambia ayeeyo, sogea."

Mwalimu alicheka, akaiondoa leso. Akainama nyuma ya lile sanduku akazikagua skrubu, hazina hata mkwaruzo. Alipoinuka hakuwa anacheka.

"Umeifungua mara ngapi?"

"Sijaifungua, Mwalimu."

"Kuiwasha je?"

"Uliiwasha wewe, siku uliyoileta."

Akaketi juu ya jerikeni. "Mtihani lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi umenitunzia takataka, Halima. Chuma hiki nilitaka kife mikononi mwako, wewe umenipangusia."

Nililia. Leo naona alikuwa mkali kupita kiasi, ingawa alikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu ile ndiyo kompyuta pekee aliyokuwa nayo nyumbani kwake. Ayeeyo akataka kujua kumetokea nini, nikamweleza kwa Kisomali. Halafu akamgeukia Mwalimu.

"Wewe ulileta kitu ya kuweka ama kitu ya kukamua?"

Mwalimu hakuelewa. Ikabidi ayeeyo amweleze desturi yetu: nyumba iliyopoteza mifugo hupewa na jamaa ngamia mwenye maziwa. Wanamkamua, watoto wanakunywa, na maziwa yakikauka wanamrudisha kwa mwenyewe. Huyo si amana. Huyo unapewa ili umtumie.

"Ya kukamua, mama," Mwalimu akasema.

"Haye. Ulikuwa useme." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ulikuwa uulize. Ngamia ya watu imesimama hapa, maziwa imejaa, wewe unapanguza mgongo."

Mwalimu akanipa bisibisi kutoka mfukoni mwake. Nikafungua mbele yao. Nikachomoa kipande cha memori, nikakirudisha, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi, ikawa inalia tu, pii, pii. Nilijua kwa kichwa maana ya mlio ule, ukurasa wake niliuona kabisa. Lakini vidole havikujua la kufanya. Kipande hakikuwa kimeingia mpaka mwisho, basi. Ilinichukua mpaka adhana ya alasiri kuligundua hilo.

Mwalimu alisema tarehe ya mtihani inaweza kusogezwa ukiomba mapema. Kuomba hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumwambia baba. Nilimwambia kwamba siko tayari, na kwamba kosa ni la kwangu. Akasema, "Ngamia ameshauzwa, hawezi kurudi. Kama wewe mwenyewe unasema bado, mimi nitabisha kwa elimu gani?"

Tarehe ikasogezwa, na kuanzia hapo niliikamua ile kompyuta. Niliifungua na kuifunga mpaka skrubu zikaanza kulika. Nilivunja kishikio cha feni, nikaenda kukiri kwa Mwalimu, akasema, "Sasa tunasoma." Nilifuta kila kitu ndani na kuanza upya, mara nyingine kwa kutaka, mara nyingine kwa bahati mbaya.

Nilipofanya mtihani, matokeo yalitoka pale pale kwenye skrini. Nilipita kwa chupuchupu. Nisiseme uongo, maswali mengi yalitoka kwenye kitabu nilichokariri, na bila kukariri ningeanguka. Lakini yale ya kukuwekea mashine iliyokwama na kukuuliza uanzie wapi ndiyo yaliyonivusha. Nilimpigia baba simu nikiwa barabarani. Akasema, "Alhamdulillah," kisha ikaja sauti ya kukwaruza, nikadhani ni mtandao. Alikuwa analia. Sikuwahi kumsikia akilia, na sikumsikia tena.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa na kidogo, kitumie mpaka kiishe. Masomo ya bure siku hizi yamejaa kwenye simu, na wenye mtihani wanaeleza bure mada zote zitakazoulizwa. Pakua hayo kwanza kabla ya kununua kitabu. Tafuta kompyuta mbovu, waombe wenye ofisi zile wanazotupa, na usiogope kuziharibu maana zimeshaharibika. Ukipewa kitu, uliza umepewa kwa kazi gani. Usilipie tarehe ya mtihani kwa sababu rafiki yako amelipia. Lipa siku mikono yako itakapojua kile ambacho mdomo wako unasema. Na ukiona hujawa tayari, mwambie aliyekutolea ada mapema, akutazame vibaya leo, ipite.

Kuna wanaouza majibu yaliyoibwa. Mwenzangu mmoja alinunua akapita, siwezi kusema hakupita, na baadaye alijifunza kazi vizuri, pengine kunishinda mimi. Lakini wamo wanaokamatwa wakanyang'anywa cheti, na wewe huna ada ya pili. Sikushauri.

Haya ndiyo niliyo nayo. Kama nimekosea mahali, waulize na wengine.

Mwenyezi Mungu akutulizie mkono na akupe subira na vitu vidogo vidogo. Akutoe kwenye chumba cha mtihani uso wako ukiwa mkunjufu, na waliojinyima kwa ajili yako wasijutie hata siku moja. Amin.