Gita la Athumani

Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza nisikilize. Mimi ni seremala, si mtu wa kuona majini kila kona, na haya yalinipata mchana kweupe karakanani kwangu, Lamu, miaka michache baada ya uhuru.

Athumani, kijana wa Siyu, aliniletea gita lake. Kile kipande cha mfupa mwisho wa shingo, kinachozishika nyuzi zisihame kabla hazijafika kwenye funguo za kuzikazia, kilikuwa kimepasuka. Nilitakiwa kuchonga kingine. Kazi ya asubuhi moja! Lakini sisi mafundi unatujua. Kila akija namwambia, "Ndoo kesho," yaani njoo kesho, na mfupa wa ng'ombe uko pale pale juu ya rafu.

Siku ya mwisho alikuja alfajiri. "Bwana fundi, yeo ndiyo siku. Arusi ya dadangu, na mashua yaondoka na maji ya asubuhi."

Njia ya Siyu, maji yakipwa, chombo hakipiti. Nililijua hilo. Mfupa sikuwa hata nimeugusa, nikaona haya kusema. "Keti kidogo, namalizia." Akaketi. Mimi nikaingia chumba cha nyuma kuendelea na mlango wa tajiri mmoja. Mashua ikaenda zake, maji yakapwa. Adhuhuri nikamwambia tena, "Ndoo kesho." Unadhani alinitukana? Alicheka tu, akaenda kutafuta mashua nyingine ya kuzunguka kwa nje, kwenye mawimbi.

Aibu ilinishika. Jioni ile nikaukata mfupa, nikaupiga tupa mpaka ukakaa sawasawa, nikachonga vijia sita, vya nyuzi nene na vya nyembamba, kwa uangalifu, maana ukichimba sana uzi hugonga vyuma vya shingo. Kesho yake mchana nikafunga nyuzi. Mtaa mzima ulikuwa umelala baada ya swala. Nikainua uso: Athumani ameketi pale pale nilipomkalisha jana.

Nikampa gita, akalipiga. Wallahi, vidole vilikwenda, nyuzi zilitetemeka, ila sauti sikuisikia hata chembe. Nikamnyang'anya, nikaligusa, likalia. Nikamrudishia, kimya. Yeye kafumba macho, anatabasamu.

"Sasa limekuwa sawa, fundi," akasema, akatoka nalo. Sikumfuata.

Siku chache baadaye akaja mama yake. Mashua ile ya pili ilipinduka siku ile ile. Athumani walimzika kesho yake asubuhi, kabla mimi sijafunga nyuzi.

"Nimekuya kutwaa gita la mwanangu," akasema.

Nikamwambia alilichukua mwenyewe.

"Alilipiga?"

"Alilipiga, Bi."

"Lilikuwa na sauti nzuri?"

"Nzuri sana," nikasema, mimi ambaye sikusikia kitu. Akaniombea dua. Afadhali angenitemea mate usoni.

Gita lile halikuonekana tena, na magita ya watu sitengenezi. Wenzangu huniambia ni kadari ya Mungu. Sibishi. Lakini kumkalisha nilimkalisha mimi, na usingizi wangu unalijua hilo.

Basi wewe unayenisoma, mtu akiulizia kazi yake nawe hujaianza, mwambie hujaianza. Atakasirika, atakutukana, kisha ataiwahi mashua ya asubuhi afike kwao.