Mama na Mshauri Wake

Baba alipofariki, mama aliacha kulala. Akaiacha na bustani yake ya njegere huko milimani, nikamteremsha mjini akae nami. Nilimpikia, nikamkanda miguu, nikambembeleza aseme. Jibu lilikuwa lile lile: "Sina neno, mwanangu."

Nesi mmoja akanielekeza kliniki ya chuo, ambako wanafunzi wa ushauri nasaha hujifunza kazi wakisimamiwa na walimu wao, kwa bei ambayo hata sisi tuliimudu. Mshauri wa mama alikuwa binti mdogo. Hata kitinda mimba wetu anamzidi umri. "Shikamoo mama," akasema huku akipiga goti kidogo, akamwingiza chumbani. Mimi nikabaki kwenye benchi.

Mara nikasikia mama anacheka. Tangu msiba sikuwa nimekisikia kicheko kile. Nikatega sikio: alikuwa anamfundisha yule binti kusalimia kwa Kiluguru, lugha ya kwao milimani, binti anakosea, wanacheka wote. Mimi wa kumzaa hakunifundisha. Alisema Kiswahili ndicho cha shule. Kisha nikamsikia analia. Moyo uliniuma, na haikuwa huruma. Ulikuwa wivu, tena wa kitoto.

Alitoka macho mekundu, akasema ana njaa.

"Mmeongea nini?"

"Yetu wawili."

Safari iliyofuata nikamvizia binti koridoni. "Mama anasemaje?"

"Samahani dada. Hayo ni ya mama, siwezi kuyatoa."

Alisema kwa adabu, ila hakuyumba. Nilitamani kumzaba kibao.

Nyumbani nikamlipukia mama. "Nimekukosea nini hata uyamwage kwa mtoto wa watu?"

Alikuwa anachambua mchicha, wala hakuacha. "Nikikuambia wewe utalia, nami nitaanza kukubembeleza. Nimechoka kubembeleza. Yule hakumjua baba yako."

Nikaketi, nikachambua naye mchicha. Nilimwelewa, lakini kuelewa hakukuondoa wivu.

Usingizi ulimrudia, akarudi bustanini, akawa anateremka siku za kliniki tu. Binti alipomaliza mafunzo yake, mama alimletea mfuko wa njegere. Walikumbatiana mlangoni, mama akamwita "mwanangu", mimi nikajifanya nasoma simu.

Siku hizi mama hunipigia jioni, tunaongea mvua, mbolea, na nyani wanaomharibia mazao. Walichozungumza mle ndani sikijui hadi leo, na bado natamani kukijua.