Nililala Majini kwa Heshima ya Mkwe

Ninyi vijana mnaokwenda kwa wakwe na kujinyoosha kitandani kama mko kwenu, kaeni chini msome. Mimi shule niliigusa tu, kwa hiyo nitaandika mambo kama yalivyokuwa. Asiyetaka aache.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini binti yangu Kerubo alikuwa ameolewa na Odhiambo, mvuvi wa ng'ambo ya ghuba, ukitoka Homa Bay. Ilikuwa Januari, jua kali. Habari ikatufikia kwetu Manga, milimani Kisii, kwamba Kerubo amejifungua mtoto wa kike, lakini maziwa hayatoki. Mtoto analia, mama naye analia. Mume wangu akasema tungoje Sabato ipite. Nikamwambia mtoto mchanga hajui Sabato. Nikasaga wimbi, yaani ulezi, wa uji, nikafunga gunia kwa kamba ya mgomba, nikaondoka.

Asubuhi na mapema niliteremka kwa miguu, umande ukinilowesha gauni, hadi nilipopata basi la Kisii mjini, na hapo la kwenda ziwani. Kadiri tulivyoshuka, migomba ilipungua na joto likaongezeka. Nilipofika nilikuwa nimeshavua sweta na kulikalia.

Homa Bay, mchana. Mama Odhiambo, mkwe mwenzangu, alikuwa ananisubiri ufukweni. Huyu alikuwa mjane mwenye mashua ndogo ya tanga moja, akivusha vyungu vya kuuza. Safari zilizopita alikuwa amenifundisha kushika kasia la nyuma na kulegeza tanga upepo ukizidi. Tulikuwa tuvuke pamoja, lakini nikamkuta goti limevimba kama boga.

"Odhiambo jioni angekuvusha," akasema, "ila najua utakataa."

"Nikae na mkwe wangu kwenye chombo cha upana wa kitanda? Umerogwa?"

"Ninyi Wakisii mna taabu!"

"Na ninyi Wajaluo, mama mkwe hukaa wapi?"

"Mbali vilevile," akakiri, akacheka mpaka akashika goti.

Kwetu heshima hiyo tunaiita chinsoni. Mama mkwe na mume wa binti yake hawali pamoja, hawakaribiani, hawatazamani ovyo. Na kulala nyumbani mwa mkwe, hilo hata halizungumzwi.

"Basi nenda peke yako," akasema. "Upepo wa mchana unatoka ziwani. Hakikisha unakupiga shavu la kushoto mpaka ufike."

Nikaenda. Sitawadanganya, mwanzoni nililikumbatia kasia kwa mikono miwili. Halafu tanga likajaa, mashua ikainama kidogo, maji yakaanza kuimba ubavuni. Mimi mwanamke wa milimani, kilemba kichwani, gauni nimelifunga magotini, naruka juu ya mawimbi na gunia la wimbi mapajani! Wavuvi wakanipigia miluzi. Nikawaambia watazame nyavu zao.

Alasiri niligusa mchanga wa ng'ambo. Kerubo alikuja amekonda, mtoto kifuani. Nilikoroga uji, nikamkanda mgongo, nikamnywesha bakuli baada ya bakuli. Maziwa bado. Uji haufanyi kazi mara moja. Ilibidi niwepo kesho niendelee.

Jua lilipokuwa linatua Odhiambo akarudi na samaki. Alisimama mbali, karibu na zizi, uso kando.

"Mama, lala ndani na mtoto. Mimi nitakwenda kwa jirani."

"Hata ukienda Uganda, nyumba ni yako."

Nikarudi kwenye mashua. Nanga yake ilikuwa jiwe, na kamba ya katani ilikuwa imelika pale ilipolishika. Nikaiunga kwa ile kamba ya mgomba ya gunia, nimeiloweka kama tunavyofanya kwetu, maana ikikauka hukaza kuliko waya. Nikasukuma chombo hatua chache, nikatupa nanga, nikajifunika tanga. Nyota zilikuwa nyingi, na mashua ilinibembeleza kama mimi ndiye mtoto mchanga. Nikalala fofofo.

Alfajiri nilifungua macho, nyumba ya Kerubo ikawa ndogo kama kiberiti. Nikavuta kamba ya nanga, ikaja nyepesi. Jiwe halipo. Kamba ya mgomba itakauka wapi chini ya maji? Ililegea tu. Na upepo wa alfajiri hutoka nchi kavu, kwa hiyo ulikuwa unanipeleka ziwani, na tanga lisingenirudisha. Nikawaza, nani atamkorogea Kerubo uji?

Ndipo Odhiambo akaja na mtumbwi wake, akipiga kasia kwa nguvu. Alipokaribia akanipa kisogo, akarusha kamba juu ya bega. Ikaanguka majini. Akarusha tena. Ikampata ndege peke yake, akaruka.

"Unamfunga nani, samaki?" nikapiga kelele.

"Mama, nikigeuka nitakuwa nimekukosea!"

"Ukinipoteza je, utakuwa umenisalimia? Geuka, mwanangu! Nitazame!"

Akageuka. Akaniona bila kilemba, gauni magotini, nywele zimesimama. Hakucheka. Kamba ikatua mikononi mwangu, akanivuta hadi pwani, kila mtu kwenye chombo chake.

Asubuhi hiyo nilikoroga uji tena, na tena mchana. Jioni mtoto alinyonya mpaka maziwa yakamtiririka shavuni. Usiku huo pia nililala mashuani, lakini ikiwa imefungwa kwenye mti, na fundo alilifunga Odhiambo.

Nilivuka kurudi kwa upepo wa mapema, nikamrudishia Mama Odhiambo chombo chake na habari zote, akacheka hadi machozi.

Nimejifunza hivi: chinsoni ni ya kumlinda mtu. Siku heshima hiyo ikitaka kumzamisha, mtu kwanza. Kesho yake irudishwe mahali pake.

Nilipofika Manga, kabla sijaketi, niliwaita wote uani, mume wangu pia. Nikasema: "Odhiambo akija hapa asiachwe nje penye jua. Apewe kiti ndani ya nyumba yangu, mimi nitakaa chumba cha pili. Na chakula chake nitakipika mwenyewe. Atakayemcheka, alale na njaa."