Springi ya Bunduki ya Babu

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua. Asubuhi ningempelekea fundi wa mjini bunduki ya Babu, anipe mpya, hii kuukuu abaki nayo kwa vipuri. Ni bunduki ya upepo, ya kukunja mtutu ili kukaza springi iliyo ndani, na zamani ndiyo iliyotupatia kitoweo cha kwale na kanga. Sasa ilikuwa na miaka miwili juu ya kabati, haifai hata kumtisha paka, na kwale wanachakura kunde zangu watakavyo.

Fundi alikuwa ameifungua mara moja tu, Babu alipofariki. Springi ilikuwa vipande vitatu. "Hii imefyatuliwa tupu, dada," aliniambia, "tena mara nyingi." Kabla hajatufundisha kulenga shabaha, mimi na mdogo wangu Jumanne, Babu alitufundisha jambo moja: usifyatue bila punje ya risasi ndani, maana chuma kitagonga chuma na springi itakufa. Yeye asingefanya hivyo. Na aliyekaa naye shambani mwaka wake wa mwisho ni Jumanne.

Basi siku ya arobaini, vitu vya marehemu vikigawanywa, Jumanne aliomba bunduki. Nikamwambia mbele ya wajomba zetu wote, "Umeshaiua, unaitakia nini tena?" Hakujibu. Aliwaaga wakubwa akaondoka, na tangu siku hiyo hatukusemezana. Mimi nina ulimi, najijua.

Nikalala, nikajikuta shambani. Mtama umekomaa, jua ni la asubuhi, na Babu yuko juu ya dungu, lile jukwaa la miti tulilokuwa tukikaa kuwinga ndege. Amevaa koti lake la kahawia. Sikukumbuka kwamba amekufa. Nilichokumbuka ni kwamba sijamwamkia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa utani wa babu na mjukuu. Lakini hanitazami. Anatazama upande ambao sipo.

Kundi la kwelea linashuka kwenye mtama. Babu anakunja mtutu, anatia mkono mfukoni, anatoa kitu na kukipapasa kwa kidole gumba. Ni chembe ya mtama. Anaitupa, anatoa nyingine, mtama tena. Anaufunga mtutu hivyo hivyo mtupu, anainua bunduki, anafyatua. Nasikia chuma kikigonga chuma. Mahali fulani chini madebe yanalia, ndege wote wananyanyuka, naye anatabasamu kama aliyeangusha kanga.

Nataka kumwambia, Babu, ni tupu. Mdomo haufunguki. Anakunja tena, anafyatua tena, madebe yanalia tena.

Kisha dungu ni benchi la fundi, na tumekaa pande mbili za bunduki iliyofunguliwa. Babu anaviokota vile vipande vitatu vya springi, anajaribu kuviunga, vinamponyoka. Nilimwonea huruma. Mikono ile ilikuwa ikimnyonyoa kwale gizani bila kubakiza unyoya.

"Mke wangu," akasema, "kile kikopo cha punje ulichoniletea."

"Ndiyo, Babu."

"Sikukifungua."

Akavua koti, akanikabidhi. Niliamka nimenyoosha mikono.

Kulikuwa kumekucha, jirani anafagia uwanja. Koti la Babu lilikuwa kwenye sanduku langu. Nililiweka siku ya msiba na sikuwahi kupekua mifuko yake, sikuwa na moyo huo. Mfuko wa nje ulikuwa na chembe za mtama. Wa ndani ulikuwa na kikopo nilichomnunulia mwenyewe msimu ule wa mwisho, na karatasi ya gundi bado imezunguka mfuniko. Mimi si mtu wa kuzipa ndoto kichwa. Lakini kikopo kilikuwa mkononi mwangu, nami nimeamka.

Nilimpigia Jumanne. Alipokea upesi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jumanne, Babu alikuwa haoni?"

"Mwishoni alikuwa akiwasikia ndege tu. Punje hakuweza hata kuzishika."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mwajuma asijue. Yule ananijua kwa shabaha.' Sasa ningesemaje mbele ya wajomba?"

"Na kwelea? Bunduki ya upepo hailii kiasi cha kumfukuza kwelea."

"Nilifunga kamba ya madebe, dada. Akifyatua, mimi huku chini navuta."

Nililia, sifichi. Nikamwomba radhi, akasema yameisha, na nikajua hayajaisha. Niliyoyasema sikuyasemea chumbani.

Fundi nilimwambia hiyo mpya awauzie wengine. Mimi nataka springi tu, na kipande cha ngozi cha kuziba pistoni. Jumanne anakuja Jumamosi kuifunga, na ikipona itaondoka naye. Wajomba nao nimewaita. Nitasimama pale pale niliposimama siku ya arobaini, niwaambie kwamba nilimsingizia mdogo wangu. Wakiuliza ni nani basi aliyeifyatua tupu, nitanyamaza kama alivyonyamaza yeye.